Kupamba Nyumba kwa Noeli bila Deni: Shule ya Wajibu kwa Watoto Wetu

Kipindi cha Majilio kinapoanza, Mama Kanisa huwaalika watoto wake kukesha, kusali na kuitengeneza njia ya Bwana. Wakati huohuo, katika miji na vijiji vyetu, maandalizi ya aina nyingine huwa yamekwisha kupamba moto. Maduka hutundika miti ya plastiki na taa za kumetameta, vikoba vingi huvunjwa na wanachama kugawana akiba ya mwaka mzima, shule hufungwa, na watoto hurudi nyumbani kwa likizo ndefu. Fedha kidogo imepatikana, watoto wapo, na sikukuu inakaribia. Ni katika majuma hayo machache ambapo familia nyingi huamua, pengine bila kujua kwamba zinaamua, Noeli itawafundisha watoto wao jambo gani.

Wapo wazazi wanaoingia mwezi Desemba wakiwa na akiba na kuutoka wakiwa na deni. Hununua mapambo mapya, pazia jipya na vyombo vipya. Fedha ikipungua, hukimbilia mikopo ile ya riba kubwa ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Januari inapofika na madai yake ya sare, madaftari, ada na michango, kilichobaki ukutani ni karatasi za kung'aa zilizokwisha kufifia. Watoto hawakuambiwa chochote, lakini wameona kila kitu. Wamejifunza kwamba furaha hununuliwa, kwamba ni afadhali kudaiwa kuliko kuonekana mnyonge, na kwamba nyumba hupambwa na watu wazima huku wao wakitazama.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Familia ipambe nyumba yake kwa vitu vilivyopo na kwa mikono iliyopo, na watoto wakabidhiwe sehemu ya kazi hiyo kama dhamana yao halisi. Hatuwahimizi wazazi kuwa wabahili, wala kuwanyima watoto shangwe ya sikukuu. Tunawahimiza kuwarudishia watoto sehemu yao katika shangwe hiyo.

Hori la Greccio na gurudumu la Hamburg

Tukirudi kwenye chimbuko la sherehe hii, tunakutana na umaskini usiojificha. Katika simulizi la Mwinjili Luka (rej. Lk 2:1-20), Mtoto anazaliwa safarini, mahali pa wageni pamejaa, na kitanda chake cha kwanza ni hori, chombo cha kulishia mifugo. Mashahidi wa kwanza ni wachungaji waliotoka malishoni usiku. Yosefu na Maria hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Walikuwa na Mtoto wa kutunza.

Mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitamani watu waione hali hiyo kwa macho yao. Siku 15 hivi kabla ya Noeli, alimwomba mtu mmoja wa Greccio, nchini Italia, aliyeitwa Yohane, amsaidie kuandaa hori lenye nyasi kavu, pamoja na ng'ombe na punda. Ilipofika Noeli, ndugu watawa walikuja kutoka sehemu mbalimbali, na wenyeji wa mashamba ya jirani wakafika na maua na mienge. Padre akaadhimisha Misa Takatifu juu ya hori hilo. Hapakuwa na sanamu hata moja. Waliohudhuria wenyewe ndio waliokuwa sehemu ya tukio: huyu ameandaa nyasi, yule ameshika mwenge, mwingine ameleta maua. Hakuna aliyekuwa mtazamaji.

Papa Fransisko alipokwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019, alitia sahihi Barua ya Kitume Admirabile Signum, kuhusu maana na thamani ya pango la Noeli. Humo aliwatia moyo waamini waidumishe desturi ya familia kuandaa pango nyumbani, akikumbusha kwamba watoto huirithi kutoka kwa wazazi na babu na bibi zao, na kwamba uzuri wake hutokana na ubunifu wa kutumia vitu vya kila namna. Kwa maneno mengine, pango halipimwi kwa bei yake.

Historia ya shada la Majilio nayo inatufundisha jambo lilelile. Mwaka 1839, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwalea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, alichukua gurudumu la mkokoteni na kupanga juu yake mishumaa: midogo kwa siku za juma na minne mikubwa kwa Dominika. Watoto walikuwa wakiuliza kila siku kama Noeli imefika. Naye akawapa kitu cha kuhesabia siku. Baadaye desturi hiyo ilienea, ikapokelewa pia na Wakatoliki katika umbo tulilolizoea leo la majani mabichi na mishumaa minne. Mapambo haya mawili tunayoyapenda yalianza kwa nyasi kavu na gurudumu, na yote mawili yaliwekwa mbele ya watu ili wajifunze.

Kanisa linasema nini juu ya malezi haya

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo Gravissimum Educationis la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2223) inaongeza kwamba nyumbani ndipo mahali panapofaa kwa malezi ya fadhila, na kwamba malezi hayo yanadai mtoto azoezwe kujinyima, kupima mambo kwa busara na kujitawala. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wa Kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981 (na. 37), anawataka wazazi wawalee watoto katika uhuru wa kweli mbele ya mali, kwa kuishi maisha ya kiasi, ili wakue wakijua kwamba thamani ya mtu iko katika utu wake, siyo katika vitu alivyo navyo.

Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia (na. 275), anagusa jambo linalohusu moja kwa moja kipindi cha Majilio: mtoto afundishwe kungoja. Kuahirisha tamaa hakumaanishi kuikana. Kunamaanisha kuipa wakati wake. Mtoto anayepata kila kitu papo hapo hukua akidhani kwamba kila kitu ni haki yake, na huteseka sana siku maisha yanapomwambia "bado". Majilio ni majuma manne ya kusema "bado" kwa upendo. Ndiyo maana hata altare, kwa mujibu wa Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi (na. 305), hupambwa kwa maua kwa kiasi katika kipindi hiki, ili shangwe kamili ya kuzaliwa kwa Bwana isitangulizwe. Nyumba yetu ingeweza kuiga adabu hiyo ya kanisa: ipambwe polepole, hatua kwa hatua, hadi mkesha wa Noeli.

Kutuma na kukabidhi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watoto wetu wengi wamezoea kutumwa: "Lete maji", "Kanunue chumvi", "Fagia hapo". Kutumwa ni kuzuri na kunafunza utii, lakini kuna mpaka. Anayetumwa hutimiza neno la mwingine, kisha kazi imekwisha. Akisahau, mwenye kukumbuka ni mzazi. Anayekabidhiwa hubeba jambo zima: kulifikiria kabla, kulifanya kwa wakati, kulitunza baadaye, na kulijibia likiharibika. Mtoto anaweza kutumwa mara 20 kwa siku asijifunze wajibu, kwa sababu wajibu wote umebaki kichwani mwa mama yake.

Tofauti hiyo huonekana katika lugha. "Nenda kachume majani ya kuweka pangoni" ni kutuma. "Majani ya pango ni yako hadi Tokeo la Bwana" ni kukabidhi. Katika sentensi ya pili, mtoto wa miaka minane atalazimika kujua ni majani gani hayanyauki upesi, aombe ruhusa kwa mwenye shamba, ayabadilishe yakikauka, na aone aibu kidogo mgeni akiuliza kwa nini pango limekauka. Aibu hiyo ndogo, ikipokelewa bila matusi wala kejeli za wakubwa, ni mwalimu mzuri.

Mapambo ya Noeli yanafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu tatu. Kwanza, yana mwisho unaoonekana: siku ya sherehe inajulikana, nayo haisogei. Pili, kosa lake halimdhuru mtu. Nyota ikipinda, hakuna atakayelala njaa. Tatu, matokeo yake ni furaha ya wote, hivyo mtoto huonja mapema kwamba wajibu ni njia ya kuwapa wengine furaha, wala si adhabu.

Majuma manne ya kufanya kazi pamoja

Juma la kwanza, familia ikae kikao kifupi baada ya sala ya jioni. Wazazi wawaambie watoto ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wao: mwaka huu tuna kiasi hiki kwa ajili ya mapambo, na kiasi kile ni cha shule mwezi Januari, hakiguswi. Tuseme kiasi cha mapambo ni shilingi 15,000. Mtoto mkubwa, wa miaka 13 hivi, akabidhiwe fedha hiyo na daftari. Yeye ndiye atakayeuliza bei sokoni, kulinganisha, kuandika kila kilichonunuliwa na kurudisha chenji. Kabla ya kununua chochote, watoto wote watoe vitu vya mwaka jana na kuhesabu kilichobaki kizima. Familia nyingi hugundua katika zoezi hili kwamba zinachohitaji kununua ni mishumaa, riboni na gundi tu. Dominika hiyo shada la Majilio liwekwe mezani na mshumaa wa kwanza uwashwe, huku mtoto mmoja akisoma somo fupi la Injili ya siku.

Juma la pili liwe la usafi na la kukusanya vifaa. Usafi ndio pambo la kwanza, nao hauna bei. Kuta zipanguswe utando wa buibui, madirisha yafutwe, uwanja ufagiwe, na nguo zisizovaliwa zitengwe kwa ajili ya wahitaji. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtoto aliyeosha madirisha kwa mikono yake hataacha tena alama za vidole juu ya kioo kwa urahisi.

Juma la tatu, lenye Dominika ya Gaudete, ni la kutengeneza pango. Mjini Roma kuna desturi nzuri: Dominika hiyo watoto huleta sanamu za Mtoto Yesu kutoka mapango ya nyumbani kwao hadi Uwanja wa Mtakatifu Petro ili Baba Mtakatifu azibariki. Parokia zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo baada ya Misa ya watoto, na sanamu iliyofinyangwa na mtoto mwenyewe kwa udongo ibarikiwe sawasawa na ile iliyonunuliwa dukani.

Juma la nne, mti na sebule vikamilishwe. Hori libaki tupu hadi usiku wa Noeli, ndipo mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba amlaze Mtoto Yesu. Mamajusi waanzie mbali, pengine juu ya kabati au dirishani, na mtoto mmoja awe na dhamana ya kuwasogeza kila siku hadi wafike pangoni siku ya Tokeo la Bwana. Kwa njia hiyo watoto hujifunza kwa miguu ya sanamu kwamba kumtafuta Mungu ni safari.

Kupamba, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Kipindi cha Noeli huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Hatuna sababu ya kung'oa kila kitu tarehe 26 Desemba. Siku ya kufungua ikifika, walewale waliopamba ndio wafungue, wafute vumbi, wafunge kila kitu kwa karatasi za magazeti, na kuandika juu ya boksi kilichomo. Mtoto aliyeihifadhi nyota yake vizuri Januari ataikuta nzima Desemba inayofuata, naye atakuwa ameelewa akiba ni nini kuliko kwa maelezo mengi.

Vifaa vilivyo karibu nasi

Mungu ameijalia kila sehemu ya nchi yetu vifaa vyake. Katika mikoa ya nyanda za juu yapo matawi ya misaipresi. Pwani upo mvinje, na mwezi Desemba huchanua ule mti wa maua mekundu ambao wengi huuita mkrismasi. Kata tawi, usikate mti. Tawi lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga wenye unyevu linatosha sebule ya kawaida, na mtoto mmoja akabidhiwe kuumwagia maji mchanga huo kila asubuhi.

Kwa ajili ya pango, udongo wa mfinyanzi ukiondolewa mawe na kukandwa vizuri hutoa sanamu nzuri. Zikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, kwa maana jua kali huzipasua. Magunzi ya mahindi yaliyovishwa vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani huwa wachungaji. Majani makavu ya mgomba huezeka paa la zizi. Ngata, ile ambayo mama huiweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo, inafaa kabisa kuwa kitanda cha Mtoto Yesu. Kile kinachobeba mizigo ya nyumba kila siku kimpokee Yeye anayeibeba mizigo yetu.

Kwa ajili ya mti na kuta, ukindu uliotiwa rangi husukwa kuwa nyota na minyororo. Vizibo vya chupa hutobolewa na mtu mzima na kutungwa uzi. Kurasa za madaftari yaliyojaa hukunjwa kuwa maua. Uji mzito wa unga wa ngano hushika karatasi kama gundi. Kila kitu kinachotumika mara ya pili ni takataka moja pungufu katika mitaro yetu, jambo ambalo waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 (na. 211) unalihesabu kuwa tendo la upendo: kupunguza plastiki na karatasi, kutumia tena badala ya kutupa, kupika kinachoweza kuliwa.

Usalama uzingatiwe. Mishumaa ya shada isimame ndani ya vikopo vya nyanya vilivyojazwa mchanga, juu ya sinia la bati, huku majani mabichi yakiizunguka kwa mbali. Iwashwe na mtu mzima au mbele yake, wakati wa sala tu, mbali na pazia, na izimwe kabla ya watu kuondoka. Majani yaliyokauka yaondolewe. Taa za umeme zenye nyaya zilizochunika zisitumike. Zile nzima ziwe na mtoto mwenye dhamana ya kuzizima kabla ya kulala. Akiambiwa asome LUKU jioni na asubuhi na kuandika tofauti, atajua mwenyewe kwamba mwanga una gharama.

Kazi ilingane na umri

Watoto wa miaka 3 hadi 5 wanaweza kupanga vitu kwa rangi, kubeba majani na kumlaza Mtoto Yesu horini. Wakabidhiwe jambo moja tu, la dakika chache, wakisimamiwa kwa upole. Wa miaka 6 hadi 9 wanaweza kufinyanga, kubandika, kumwagilia, na kuwasogeza Mamajusi. Wa miaka 10 hadi 13 wanaweza kushika daftari la matumizi, kusuka, kushona kwa sindano ya mkono, na kuongoza sala ya kuwasha mshumaa.

Vijana wa sekondari wasiachwe wakidhani mambo haya ni ya kitoto. Hao wapewe dhamana za watu: kupanga bajeti ya chakula cha sikukuu pamoja na wazazi, kuwafundisha wadogo zao, au kusimamia upambaji wa pango la Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Kijana anayeaminiwa kwa jambo lenye uzito huinua kichwa. Asiyeaminiwa kwa lolote hutafuta mahali pengine pa kuonyesha ukubwa wake.

Mambo yanayoharibu malezi haya

La kwanza ni mzazi kuirudia kazi ya mtoto. Nyota imepinda, usiku mama anaishusha na kuibandika upya. Asubuhi mtoto anaona, hasemi kitu, na mwaka ujao hatajitolea. Kama kazi si salama, rekebisheni pamoja. Kama haina hatari ila si nzuri kwa macho ya wakubwa, iacheni. Mgeni akicheka, mzazi aseme kwa fahari: "Hii ni kazi ya binti yetu."

La pili ni kumwokoa mtoto na matokeo ya usahaulifu wake. Mwenye dhamana ya majani amesahau, na Dominika imefika pango likiwa kavu. Mzazi asikimbie kuyachuma yeye, wala asimfokee mbele ya wengine. Familia isali mbele ya pango hilo kavu, kisha mzazi aulize kwa utulivu, "Utafanya nini?" Siku ya pili majani yatakuwapo. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunjaji awe na mkono mwepesi, Mtume Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao wakakata tamaa (rej. Kol 3:21).

La tatu ni kugawa kazi kwa mazoea ya jinsia. Bado zipo nyumba ambamo wasichana hufagia, huosha na kupika huku kaka zao wakingoja kula. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi aliyeilinda na kuihudumia familia yake kwa mikono yake. Mvulana ashike ufagio, msichana ashike daftari la fedha, na baba aonekane akifanya kazi. Mtoto wa kiume huiga anachokiona kwa baba kuliko anachoagizwa na mama.

La nne linazihusu nyumba zenye msaidizi wa kazi. Mara nyingi binti huyo ni mdogo kwa umri, naye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, hasa siku za sikukuu. Watoto wakizoea kwamba kila wanachokiangusha kuna mwingine wa kukiokota, wanajifunza kudharau watu. Anayeishi nasi naye aulizwe angependa kutengeneza nini, sanamu yake iwekwe pangoni pamoja na za wengine, na siku ya Noeli apumzike na kuketi mezani.

La tano ni kulipa fedha kwa kila kazi. Kumpongeza mtoto ni vema, na zawadi ya mara moja haina ubaya. Lakini mtoto akilipwa kwa kufagia nyumba anamolala, atajifunza kuuza kile ambacho familia hupeana bure. Neno la shukrani mbele ya wote mezani lina uzito kuliko sarafu.

Akiba yetu iende wapi

Kubana matumizi kunakoishia mfukoni mwetu bado hakujawa tendo la Kikristo. Mwishoni mwa Majilio, mwenye daftari asome mbele ya familia: tulitenga kiasi gani, tumetumia kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Sehemu irudi kwenye mahitaji ya Januari, na watoto waione ikiwekwa. Sehemu nyingine, hata ikiwa ndogo, watoto wenyewe waamue itakwenda kwa nani: mzee anayeishi peke yake mtaani, mgonjwa wa jumuiya, au mwanafunzi mwenzao asiye na sare.

Afadhali zaidi, watoto wapeleke wenyewe. Watengeneze mapambo ya ziada na kwenda pamoja na wazazi kuipamba nyumba ya jirani huyo, wafagie uwanja wake, na kusali naye. Lakini waende kwa heshima: wabishe hodi, waamkie kama inavyostahili, waombe ruhusa kabla ya kutundika chochote, wala wasipige picha za kuonyesha wema wao. Maskini ni mwenyeji wao siku hiyo. Na tukikumbuka hori la Bethlehemu, yeye ndiye anayefanana zaidi na Familia Takatifu.

Baada ya sikukuu, wazazi wasizifute dhamana hizo pamoja na mapambo. Aliyemwagilia tawi amwagilie bustani ya mchicha. Aliyeshika daftari aendelee kuandika matumizi ya juma. Aliyewasogeza Mamajusi kila siku bila kukumbushwa yuko tayari kukabidhiwa kuku wa kuwalisha. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba Majilio yalipita nyumbani mwetu na kuacha kitu.

Dominika iliyo ndani ya Oktava ya Noeli, Kanisa huadhimisha sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu, na Noeli ikiangukia Dominika sikukuu hiyo huwa tarehe 30 Desemba. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yesu aliishi Nazareti akiwatii wazazi wake, akikua katika hekima na kimo (rej. Lk 2:51-52). Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kufundishwa kazi katika nyumba ya kawaida, na watu wa kawaida. Wazazi wapendwa, msione haya kwa udogo wa mapambo yenu. Wapeni watoto wenu udongo, ukindu, daftari na imani yenu kwao, nao wataiandaa nyumba ambamo Bwana atapenda kukaa. Tunawatakia Majilio mema na maandalizi yenye amani ya Noeli.